Jiokemia ya Petroli: Namna Miamba ya Chini ya Kisiwa cha Mafia Inavyochunguzwa

Kijiji cha Bweni kipo kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, upande wa Ras Mkumbi. Juu ya ardhi huonekana mawe ya matumbawe tu. Chini yake yamelala matabaka ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa yenye unene wa kilomita kadhaa, yaliyorundikana tangu Madagascar ilipojitenga na bara la Afrika, na baadaye kuongezewa mashapo ya Mto Rufiji.

Unene huo ndio uliozivutia kampuni za BP na Shell, ambazo mwaka 1952 zilipewa leseni za utafutaji katika ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Kisima kilichimbwa Mafia katika muongo huohuo, lakini mafuta ya kibiashara hayakupatikana. Hata hivyo, dalili za mafuta zipo jirani: mchanga uliolowa lami huko Wingayongo, katika bonde la Rufiji, na mafuta yanayochuruzika Tundaua, Pemba. Kusini mwa Mafia, gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974.

Swali la wataalamu, basi, ni je, mafuta yaliwahi kuzalishwa hapa, lini, na yalikwenda wapi?

Jiokemia hujibu sehemu ya kwanza. Petroli hutokana na mabaki ya viumbe yaliyozikwa ndani ya mwamba chanzo. Maabara hupima kiasi cha kaboni hai katika vipande vya miamba kutoka kisimani, kisha huvichoma taratibu ili kuona mwamba bado una uwezo gani wa kutoa mafuta. Kwa kawaida mafuta huiva kati ya nyuzi joto 60 na 120 za Selsiasi. Joto likizidi sana, kinachobaki ni gesi. Kwa kuwa joto huongezeka takriban nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kina, mwamba uliozikwa kina kirefu mno huweza kuwa umekwisha kupita hatua ya mafuta. Katika eneo lililobebeshwa mashapo mengi kama Mafia, jambo hilo si dogo.

Sehemu ya pili huhitaji modeli ya bonde. Kompyuta huondoa matabaka moja baada ya jingine kurudi nyuma katika wakati, na kukadiria kina na joto la mwamba chanzo katika kila kipindi. Mtego wa miamba ukiwa umeundwa baada ya mafuta kupita, hautakuwa na kitu, hata uwe mkubwa na mzuri kiasi gani kwenye picha za mitetemo. Visima vingi duniani vimeshindwa kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana kisima kisichotoa mafuta hakitupwi kwenye hesabu: sampuli na vipimo vyake vya joto ndivyo vinavyosahihisha modeli inayofuata. Kwa mwananchi wa Bweni, kuonekana kwa chombo cha utafiti baharini maana yake ni kwamba takwimu zinakusanywa. Ugunduzi huthibitishwa na kisima pekee. Usimamizi wa shughuli hizo upo chini ya Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015.