Mtoto wa kuasili aliyekosa kubebwa huhitaji mwendo na malezi

UTAWALA wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania mnamo Desemba 1989, ilibainika kwamba zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wakiishi katika makao ya serikali. Wengi hawakuwa mayatima. Wazazi wao walikuwa hai, ila maskini.

Watoto hao walishinda vitandani. Chakula kilikuja kwa saa, kilio hakikuitikiwa. Wengi walijitikisa mbele na nyuma, wakijipa wenyewe mwendo ambao mtoto mwingine huupata mgongoni mwa mamake.

Mwendo huo si mchezo tu. Mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea, mapigo ya moyo wake hupungua kasi na kilio hufifia, kama walivyoonyesha watafiti wa Japani mwaka wa 2013. Mama mwenye leso hakuhitaji kuambiwa.

Je, kilichokosekana chaweza kufidiwa? Daktari wa akili Michael Rutter alifuatilia watoto 165 wa Romania walioasiliwa na familia za Uingereza. Waliotoka makaoni kabla ya miezi 6 waliwafikia wenzao upesi. Miongoni mwa waliokaa zaidi, wengi walibaki na matatizo ya kutulia na kuhusiana na watu, ingawa wapo walioepuka. Aidha, mradi ulioanzishwa Bucharest mwaka wa 2000 kwa watoto 136 ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwa walezi wa nyumbani waliacha kujitikisa kwa kiasi kikubwa.

Wazazi wengi wa kuasili hukosea papa hapa. Mtoto wa miaka 6 akirusha sahani, huhubiriwa au huchapwa, ilhali mwili wake ungali katika hofu na masikio hayasikii. Karyn Purvis wa Chuo Kikuu cha Texas Christian, aliyefariki mwaka wa 2016, alishauri mtoto wa aina hiyo apewe maji, kitafunio na nafasi ya kuchezesha viungo kila baada ya saa 2 hivi. Bembea au kuruka kamba hutosha. Mazungumzo hufuata baadaye.

Hata hivyo, kumgusa mtoto kwa nguvu si malezi. Aliyepigwa zamani huenda akaogopa hata kukumbatiwa, na sharti aachiwe hiari. Mnamo Aprili 2000, jimboni Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 aliyeasiliwa alikosa hewa akafa, baada ya kuviringishwa ndani ya shuka na kukandamizwa kwa mito katika kile kilichoitwa tiba ya kuzaliwa upya. Wahudumu wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 16 kila mmoja, na jimbo hilo likaipiga marufuku tiba hiyo mwaka wa 2001.