Kimondo Kilipohama Mkoa
Mistari miwili mitatu inayotokea chini ya kichwa mtu anapotafuta jambo mtandaoni ina mtangulizi wake Iringa na Mbeya: daftari la wilaya. Enzi za Waingereza, maofisa waliandika humo kwa kifupi habari za watawala wa jadi, koo, mila na mipaka, ili ofisa mgeni ajue pa kuanzia.

Katikati ya miaka ya 1990 kazi hiyo ilihamia kwenye maelezo yaliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa wa tovuti. Mitambo ya kutafutia kama AltaVista iliyaonyesha jinsi yalivyoandikwa, na wajanja hawakuchelewa: wakarundika humo maneno ya kuvutia watafutaji. Google, iliyoanzishwa 1998, haijifungi kwayo. Mara nyingi huchota ukurasani sentensi inayolingana na swali. Urefu wa mistari hiyo nao haukutulia. Desemba 2017 ulifika herufi 320 hivi, na Mei 2018 ukarudi karibu na 160.

Herufi 160 hazina nafasi ya salamu. Chukua mfano wa kimondo cha Mbozi: kilichopo Ndolezi, wilayani Mbozi, ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16; wenyeji walikijua zamani, ingawa habari zake zilifika nje mwaka 1930. Msafiri aliyeko stendi ya Mbeya akisoma “Karibu kwenye tovuti yetu, furahia vivutio vya utalii”, haambulii kitu. Akikuta chuma, tani, wilaya na barabara ya kupita, anajua kama apande basi au aendelee na safari zake.

Tatizo gumu zaidi limeletwa na ramani. Mwaka 2012 Njombe ilimegwa kutoka Iringa, ikaondoka na Makete na sehemu ya Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa 2005. Januari 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, na wilaya ya Mbozi ikawa humo. Muhtasari uliosema kimondo kiko “mkoani Mbeya” ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa, na bado unanakiliwa. Kusahihisha neno hilo ukurasani hakubadilishi matokeo papo hapo: mtambo lazima upite tena na kuusoma ukurasa, na zile kurasa zisizoguswa mara kwa mara hupitiwa kwa nadra.