Magurudumu Matatu katika Njia ya Miguu

Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Nami, kama walimu wengi, niliufundisha darasani: niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Mwaka 1988, nikiwa Mwalimu Mkuu hapa Chiungutwa, nilimwadhibu mwanafunzi mlemavu kwa kosa la kuchelewa.

Alikuwa darasa la tano. Polio ilimpooza miguu yote miwili tangu utotoni. Ndugu zake walimpatia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono: kiti kimelala nyuma kidogo, miguu imenyooshwa mbele juu ya ubao, na pedeli zi usawa wa kifua. Nilimzuia kutoka nje wakati wa mapumziko kwa wiki nzima. Alisema tu, "Mwalimu, njia ni mbaya." Nikamjibu kwamba njia ni hiyo hiyo wanayopita wenzake.

Siku ya tatu ya adhabu mnyororo wake ulikatika, ikanibidi nimsukume hadi kwao, mwendo wa kilometa tatu hivi. Njia zetu zimechongwa na nyayo za watu na baiskeli za kawaida. Upana wake ni kama nyayo mbili zilizowekwa sambamba. Gurudumu la mbele lilipita katika mfereji huo vizuri. Yale mawili ya nyuma yalitembea nje, moja juu ya mizizi, jingine mchangani. Mwenye magurudumu mawili hukwepa shimo moja, tena huinama upande autakao. Mwenye matatu ana mashimo matatu ya kukwepa kwa wakati mmoja, na chombo chake hakiinami. Mahali ambapo njia ililalia upande, mtoto alitupa mwili wote upande wa juu ili kisipinduke. Penye mteremko, breki yake ilikuwa kipande cha kandambili alichokikandamiza kwenye tairi. Chini ya mikorosho, penye mchanga mwingi, tulikwama kabisa. Nilikuwa nahema. "Pole, Mwalimu," akaniambia.

Adhabu niliifuta kimya kimya. Sikumwomba radhi mbele ya wenzake, na hilo linanisumbua hadi leo.

Baadaye nilisoma kwamba chombo cha namna ile kina umri mkubwa. Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa mlemavu wa Ujerumani, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono, zaidi ya miaka 150 kabla ya baiskeli ya magurudumu mawili kuonekana. Hata kule kukaa kwa kuegemea hakupunguzi mwendo. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa amelala nusu juu ya baiskeli iliyoundwa na Charles Mochet, alikwenda kilometa 45.055 kwa saa moja, akavunja rekodi. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo huo wakaipiga marufuku baiskeli ya aina hiyo katika mashindano yao. Lakini Faure alikuwa katika uwanja laini. Mchanga wetu hakuuona!

Basi, siku za kazi za Elimu ya Kujitegemea niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita na la saba na majembe yao, tukaipanua njia ile. Mzee mmoja mwenye mikorosho alisimama mbele yetu. "Mwalimu, mizizi ya mti wangu ikatwe kwa ajili ya mtu mmoja?" Sikuwa na jibu zuri. Korosho ndiyo ada, nguo na chumvi ya nyumba yake. Tuliuzunguka mti, na pale kwenye kona ndipo mtoto alipoendelea kukwama, wenzake wakimsukuma.

Mvua zilipokuja zilichimba upya kila tulichosawazisha. Tulirudia kazi hiyo kila mwaka hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1990. Baada ya hapo sikupeleka tena majembe, ingawa yeye bado aliitumia njia ile kwenda sokoni.