Faili Lisilofunguka: Namna ya Kulitambua na Kulibadili Muundo kwa Usalama

Mwombaji wa ajira au wa mkopo wa masomo anaweza kuwa na sifa zote zinazotakiwa, na bado ombi lake likakwama usiku wa siku ya mwisho kwa sababu cheti alichokipiga picha kwa simu kimekataliwa na mfumo unaopokea PDF pekee. Wengi wakifika hapo hufuta herufi za mwisho za jina la faili, huandika “pdf” mahali pake na kudhani kazi imekwisha. Jina hubadilika, lakini faili hubaki lilivyokuwa, na mfumo hulikataa tena.

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili huitwa kiendelezi. Kazi yake ni kuielekeza kompyuta ni programu ipi itumike kulifungua. Muundo halisi umo ndani ya faili lenyewe. Faili la PDF likifunguliwa kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad, huonekana likianza kwa alama %PDF. Faili lililobanwa la ZIP huanza kwa herufi PK, ambazo ni za mwanzo za majina ya Phil Katz, Mmarekani aliyeubuni muundo huo. Hati ya Word ya DOCX, iliyokuja na toleo la Office la mwaka 2007, nayo huanza kwa PK, kwani kwa ndani ni furushi la ZIP lenye vipande vingi. Ndiyo maana baadhi ya vifaa huipokea barua ya Word na kuionesha kana kwamba ni faili lililobanwa.

Kompyuta za Windows huficha viendelezi vingi hadi mtumiaji aamuru vionekane, na mazoea hayo yamewahi kuwagharimu watu wengi. Mwezi Mei 2000, kirusi ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino kilisambaa duniani kwa barua pepe kikiwa na kiambatisho chenye jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT wakaamini ni barua, ilhali vbs iliyofichika ndiyo iliyoonesha kuwa ni programu. Hila hiyo haijazeeka. Faili liitwalo “barua.pdf.exe” si barua, wala APK iliyotumwa kwenye simu kwa jina la mwaliko wa harusi si mwaliko. Hayo hayahitaji kubadilishwa muundo, yanahitaji kufutwa.

Mafaili mengi yanayowasumbua wananchi hayana hatari yoyote. Picha za HEIC hutoka katika simu za iPhone, zilizoanza kutumia muundo huo mwaka 2017 ili kupunguza nafasi, na kamera ya simu hizo inaweza kuwekwa ipige JPEG tangu mwanzo. ODT ni muundo wa wazi uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Word huufungua, na vivyo hivyo LibreOffice, programu isiyolipiwa. LibreOffice hiyohiyo hufungua pia mafaili ya PUB yanayotengenezwa kwa Publisher, ambayo mwenye Word peke yake hawezi kuyasoma.

Kupata PDF hakuhitaji msaada wa tovuti yoyote. Word na LibreOffice huhifadhi hati moja kwa moja katika muundo huo. Katika Windows 10 na 11, na katika simu nyingi za Android, mtumiaji anaweza kuamuru picha ichapishwe, kisha badala ya printa akachagua PDF.

Tovuti za kubadili mafaili bila malipo zinastahili tahadhari kubwa kuliko zinavyopewa. Anayepakia humo cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au taarifa ya benki anamkabidhi nakala mtu asiyemjua. Mwezi Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver nchini Marekani iliwatahadharisha wananchi kuhusu tovuti za namna hiyo zinazorudisha faili likiwa na programu haribifu ndani yake, au kuchota taarifa za mwenye hati. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume inayoisimamia. Hata hivyo, kumfuatilia mwendeshaji asiyejulikana aliye ng’ambo si jambo jepesi.

Kubadili muundo kunaweza pia kuharibu. PDF ikigeuzwa kuwa Word, majedwali huhama na mistari hukatika. PDF iliyotokana na skani ni picha tu, na maneno yake hayahaririki mpaka yatambuliwe kwa programu maalumu. Kwa hiyo faili la asili lisifutwe, na lililobadilishwa lifunguliwe na kusomwa ukurasa kwa ukurasa kabla halijatumwa.

Anayefanyiwa kazi hiyo stesheneri aombe nakala ifutwe mbele yake, ikiwemo iliyobaki kwenye kapu la taka la kompyuta, na aondoke katika akaunti yake ya barua pepe kabla ya kunyanyuka kitini.