Kabla ya Kupanda Morningside, Ulizia Simbamwene

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, stendi ya Msamvu hapa Morogoro hujaa vijana wenye mabegi. Wengine wanakwenda Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), wengine Mzumbe, wengine Jordan, wengine Chuo Kikuu cha Waislamu. Wiki ya kwanza ikiisha wanaulizana: Jumamosi twende wapi, tule wapi? Wenyeji huwajibu vilevile miaka nenda miaka rudi. Pandeni Morningside mkaione nyumba ya Wajerumani, mkirudi piteni Rock Garden mkatie miguu majini, kisha shukeni mjini mle kuku na chipsi.

Ushauri huo ni mzuri, nami sina ugomvi nao. Ninachogombana nacho ni maelezo yanayouandama, ambayo nimeyasikia mara nyingi kwenye njia ya mlimani: kwamba Morogoro ni mji wa Wajerumani, uliozaliwa na reli. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1907. Miaka 36 kabla ya hapo, chini ya milima hii ya Uluguru palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe, minara pembeni na malango manne, na mtawala wake alikuwa mwanamke. Mji uliitwa Simbamwene, na mama huyo naye aliitwa Simbamwene.

Asili yake si siri. Bonde la Ngerengere lilikuwa la Wakami, Waluguru wakikaa juu milimani. Akaja Kisabengo, Mzigua, akiwa na wafuasi wake, akawabana Wakami hadi wakamwachia ardhi nzuri ya bondeni, akajenga mji kando ya mto. Alipozeeka alichukua jina la mji wake, na kabla ya kufa akaagiza binti yake mkubwa arithi kiti pamoja na jina.

Maelezo marefu tuliyo nayo kuhusu mji huo ukiwa bado umesimama yametoka kwa Henry Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Ndiye shahidi wetu mkuu, na ndiye aliyeliharibia jina la Kisabengo hadi leo. Katika kitabu chake amemwita mnyang'anyi na mteka watu, akamfanya mtoro aliyeikimbia hukumu ya Sultani wa Zanzibar. Waandishi waliofuata wameyachukua maneno hayo kama yalivyo, nusu ya ushahidi wakaiacha.

Maana Stanley huyohuyo anaeleza kwamba watu waliomchagua Kisabengo awe kiongozi wao walikuwa watumwa waliotoroka, na kwamba aliwavuta kwa nguvu za mwili, ulimi wa kuhutubia na uchangamfu. Hapo ndipo ningemkamata shahidi kizimbani. Wazigua wengi walikuwa wameuzwa Pwani na Unguja wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830, na waliopata upenyo walitoroka. Mtu aliyewakusanya watu wa namna hiyo, akawapa ardhi, ukuta na bunduki, hatoshi kuitwa jambazi tukaishia hapo. Simsafishi. Aliteka watu kweli, na majirani zake Wadoe, Wakwere na Wakami walilia kwa sababu yake. Katika karne ile, aliyeponyoka utumwani aliweza kesho yake kumtia mwenzake minyororo, na historia ya mji wetu iseme yote mawili bila kupunguza.

Tuutazame huo ukuta. Kwa maelezo ya Stanley ulikuwa wa mawe, wenye matundu ya kupitishia bunduki yaliyopangwa safu mbili, moja juu ya nyingine. Kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe uliojengwa vizuri. Malango yalielekea mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na kila lango lilifungwa kwa mlango mzito wa mbao ngumu, umechongwa nakshi ndogondogo za Kiarabu kama milango ya Unguja. Stanley alikisia kwamba mbao hizo zilichongwa Pwani zikabebwa ubao mmoja mmoja hadi bara. Ndani ilikuwepo nyumba ya mtawala, ya mtindo wa Pwani, paa refu la mteremko na baraza mbele. Alikadiria wakazi 3,000, pengine hata 5,000, na ngome yenyewe akaona inaweza kulinganishwa na alizoziona Uajemi.

Hebu fikiria kazi ya kubeba mlango wa namna hiyo kutoka Bagamoyo, kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nyingi kupitia Ukwere na mito yake. Habebeshi watu mzigo huo mtu anayekusudia kupora na kuhama. Aliyetia milango ya nakshi alikusudia kukaa na kupokea wageni.

Na wageni walikuja, kwa sababu ya chakula. Mtu anayetafuta mahali pa kula Morogoro asilisahau hilo. Misafara ya pembe iliyotoka Pwani ilipita vichaka na vinamasi, na mbele yake kulikuwa na mbuga ya Mkata yenye tope lisilo na huruma. Katikati ya taabu hizo palikuwa na bonde lenye maji yasiyokauka, mahindi, mtama na ndizi. Aliyelishika bonde hilo alishika njia, akatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Simbamwene binti alituma wajumbe kwa Stanley kudai hongo yake, Stanley akakataa, akidai kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye askari wake waliorudi nyuma kumtafuta mpishi aliyetoroka walikamatwa kwa amri ya mama huyo, na ikabidi mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, awaombee ndipo wakaachiwa. Stanley aliandika habari hiyo kwa hasira ya mtu aliyeonewa. Mimi naisoma kama habari ya mwenye nchi aliyejua kwamba njia ni yake na anayepita hulipa.

Mwaka uliofuata, Aprili 1872, kimbunga kilichoivunja Unguja na mikarafuu yake kilifika na mvua kubwa hadi huku. Stanley, akirejea Pwani, alikuta mto umefurika ukabeba ukuta wote wa mbele na nyumba zipatazo hamsini. Wengi humalizia hadithi hapo, kana kwamba maji yaliufuta mji. Hayakuufuta. Ukoo uliendelea kutawala, na jina lake la Kingo limebaki kuwa jina la kata katikati ya manispaa.

Yaliyofuata ni mengi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni chini ya mlima, Wajerumani wakaleta boma na reli, na Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yakauteka mji. Mwaka 1955 wakulima wa Matombo walikataa matuta ya kulazimishwa na Waingereza, mtu mmoja akauawa kwa risasi. Wakaja pia wanamuziki Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, nchi nzima ikacheza kwa magitaa ya mji huu. SUA ilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Sokoine, aliyefariki Aprili ya mwaka huohuo katika ajali ya gari Dakawa, barabara ya Dodoma.

Kwa hiyo, kijana, Jumamosi yako ianzie sokoni, soko kuu lenye jina la Chifu Kingalu, asubuhi kabla jua halijakali. Kula magimbi ya kuchemsha kwa chai ya rangi yenye tangawizi. Magimbi ya Waluguru hulimwa mabondeni kwenye unyevu. Lililoiva vizuri huvunjika kwa vidole, kwa ndani lina rangi ya zambarau iliyopauka, na halitaki zaidi ya chumvi kidogo. Mananasi, ndizi na mdalasini vinashuka kutoka Kinole, Mkuyuni na Matombo. Kabichi, njegere na stroberi zinatoka Mgeta. Mchana kaa kwa mama lishe ule wali wa mchele wa Kilombero na samaki wa nazi. Chakula cha bonde hili ndicho kilichoisimamisha misafara, na wauzaji wengi ni wanawake walioteremka mlimani usiku na vikapu.

Ukishashiba, panda Morningside kwa mguu, ukapumzike na kulitazama bonde lote la Ngerengere. Kisabengo alilichagua kwa macho ya mtu anayejua maji na njia. Jumapili nenda Mazimbu, shamba la zamani la mkonge ambapo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga chuo cha Solomon Mahlangu. Makaburi yao yapo, yanatunzwa, yameandikwa majina, kama inavyostahili.

Simbamwene nayo inastahili matunzo hayo. Mazimbu panaeleweka kwa sababu watu waliamua paeleweke. Naiomba Halmashauri ya Manispaa iweke kando ya Ngerengere kibao kinachosomeka, chenye jina la Kisabengo, jina la binti yake na mwaka 1871. Naviomba vyuo vyetu viwaite wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waje wachimbe, kabla viwanja vya nyumba havijafunika misingi yoyote iliyosalia. Na waongoza wageni wa mlimani, nawaomba muache kusema kwamba mji huu uliletwa na reli.