Maji ya Kisima na Theluji ya Nagaoka

Wasomaji wetu, twajua ya kuwa wengi kati yenu hamjapata kuona theluji ikifunika njia. Ikikanyagwa na miguu na magurudumu hugeuka barafu, na juu ya barafu mtu huteleza akavunjika mguu. Wamarekani walianza kuijaribu chumvi barabarani mwaka 1938, katika jimbo la New Hampshire, kwani maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Lakini chumvi hula chuma cha magari na madaraja, huua miti ya kando ya njia, tena huingia visimani. Mji wa Nagaoka, katika Japani, ulishika njia nyingine, nayo ndiyo tutakayoieleza.

Nagaoka uko upande wa magharibi wa nchi ile, ambako pepo za baharini huleta theluji nyingi mno. Bwana Imai Yosaburo, mtengenezaji wa vitafunio vya mchele, aliona ya kuwa palipochuruzika maji ya chini ya ardhi, theluji haikukaa. Sababu yake ni nyepesi. Maji yatokayo chini sana hayajui baridi ya msimu. Huko Nagaoka joto lake ni kama digrii 13 mwaka mzima, na hilo latosha kuyeyusha theluji. Basi mwaka 1961 bomba lenye vitundu vidogo lililazwa katikati ya barabara, maji yakavutwa kwa pampu kutoka kisimani, yakatawanyika njiani.

Januari 1963 theluji ilirundikana mjini hata ikapita futi 10. Gari moshi zilikwama, lakini palipokuwa na bomba njia ilipitika. Tangu hapo miji mingine mingi iliiga. (Kule kaskazini, Hokkaido, haifai: baridi ni kali, na maji yenyewe yangeganda.)

Ila hakuna maji ya bure. Kutu ya chuma kilichomo majini ilitia barabara wekundu. Hilo ni jambo dogo. Lililo kubwa ni kwamba theluji huangukia watu wote saa ile ile, basi pampu zote huvuta pamoja, na maji ya ardhini hushuka. Udongo wa mfinyanzi ukikamuliwa maji hujishindilia, na nchi iliyo juu yake hudidimia. Mji wa Muika, usio mbali na Nagaoka, umepatwa sana na msiba huo. Na ardhi iliyokwisha kudidimia hivyo hairudi yote mahali pake, hata mvua zinyeshe namna gani.

Hivyo pampu zikawekewa vyombo vya kuhisi theluji, zisivute maji bure siku kavu. Mahali pengine maji hayamwagwi tena: hupita ndani ya mabomba yaliyozikwa chini ya njia, huacha joto lake, kisha hurudishwa ardhini. Sisi twaiona njia hii kuwa bora kuliko zote, lakini gharama yake ni kubwa, na mitaa mingi ya Nagaoka ingali ikinyunyiziwa maji kama alivyofikiri Bwana Imai.