Saa, Kabari na Kipande: Istilahi za Safari za Ndege Ndogo Tangu Daftari Hadi Programu

Ndege ilifika katika nchi hii kabla ya lugha yetu kuiandalia msamiati. Mwezi Julai 1915 marubani wa Kiingereza walioruka kutoka kisiwa cha Mafia waliielekeza mizinga ya manowari zao hadi ikaangamizwa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 27 Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyotoka Uingereza ikielekea Cape Town, ilianguka Tabora. Wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kamati. Chombo kirukacho walikiita ndege, na ingawa neno eropleni lilitumika sambamba nalo kwa miaka mingi, ndege ndilo lililoshinda. Aliyekiongoza walimwita rubani, jina la yule mjuzi wa pwani apitishaye chombo baina ya miamba na mafungu. Nahodha, ambaye baharini ndiye mkuu wa chombo, aliachwa majini, na baadaye akakabidhiwa timu za kandanda. Kwa maoni yetu uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani rubani ni mtu wa njia, na angani siku hizo njia ndiyo iliyokuwa ngumu.

Makala haya yanahusu msamiati uliofuata, ambao haukupata bahati hiyo: maneno ya kupanga, kuruhusu na kuhesabu safari za ndege ndogo, ziwe za watu binafsi au za kukodi. Leo kazi hiyo hufanywa kwa programu za kompyuta zilizotungwa ng'ambo. Anayejifunza kuzitumia hukutana na maneno ya Kiingereza ambayo yakitafsiriwa papo kwa papo huweza kuleta madhara makubwa kuliko aibu ya lugha mbovu.

Mifano yetu tumeiweka Kilosa na Mikumi kwa makusudi. Kilosa ni mji wa njia. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kukamilika Kigoma mwaka 1914. Baadaye tawi la reli lilitoka Kilosa kuelekea kusini hadi Mikumi na Kidatu. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoibomoa reli wilayani humo, wananchi waliona jinsi mji wa njia unavyoweza kukosa njia. Mikumi nayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, na ndani yake, huko Kikoboga, kipo kiwanja kidogo cha ndege. Kiwanja cha hifadhini si kama cha mjini. Swala na pundamilia hawajui mipaka yake, hivyo kabla ndege haijatua yapasa mtu apite na gari na kuwaondoa. Mtu huyo hufanya kazi yake kwa Kiswahili. Dereva wa gari la wageni, karani wa mafuta na mpishi wa kambi hali kadhalika. Rubani na mwongoza ndege husemezana kwa Kiingereza kwa kanuni za kimataifa, nasi hatuna ugomvi na kanuni hizo. Lakini taarifa ile ile iliyoandikwa ndani ya programu na mtu aliyekaa Dar es Salaam haina budi kumfikia yule mwenye gari, na humfikia kwa lugha yake.

Zamani taarifa hizo zilikaa katika daftari na ubao wa chaki. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilikodisha ndege ndogo katika Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1932 ndege za barua za Imperial Airways zilianza kupita Moshi, Dodoma na Mbeya zikienda kusini. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, mwaka ambao Shirika la Ndege la Tanzania lilizaliwa. Tangu 1957 pia kulikuwa na huduma ya madaktari warukao, ambayo kwa watu wengi wa vijijini ndiyo ndege pekee iliyokuwa na maana. Katika miaka yote hiyo karani aliyeandika safari alijua kwa macho yake ndege ipi imetoka na rubani yupi amechoka. Maneno machache yalimtosha.

Kompyuta zilichelewa kuwafikia watu wa ndege ndogo. Mfumo wa Sabre, uliokamilika Marekani mwaka 1964, ulikuwa wa shirika kubwa lenye mamilioni ya abiria. Hapa kwetu Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 isipokuwa kwa kibali maalumu, na katazo hilo lililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Kwa hiyo lugha ya kompyuta ilitufikia kwa mkupuo. Neno kompyuta lenyewe liliyashinda tarakilishi na ngamizi katika matumizi ya kila siku nchini Tanzania, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hayo yalikuwa maneno ya karani wa kawaida: faili, futa, hifadhi. Maneno ya karani wa safari za ndege hayakuguswa.

Programu ya uendeshaji wa safari hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hupanga ndege na marubani katika kalenda moja. Huzuia safari ambayo rubani wake amepitisha kiwango cha kazi au ndege yake imefikia muda wa matengenezo. Kisha hutoa hati za safari, yaani orodha ya abiria, uzito, mafuta na ombi la safari kwa waongoza ndege. Mwanafunzi hujifunza kubofya kwa siku chache. Kinachomchukua muda ni kujua kila kisanduku kinauliza nini.

Tuanze na saa, maana hapa ndipo penye hatari ya kwanza. Usafiri wa anga duniani huhesabu saa kwa majira ya Greenwich, ili rubani, mwongoza ndege na mtabiri wa hali ya hewa wasitofautiane. Saa za Tanzania zimetangulia Greenwich kwa saa 3. Juu ya hayo Mswahili huanza kuhesabu siku kunapokucha. Basi wakati mmoja una majina matatu: saa 7 mchana ya Mswahili ni 13:00 ya saa za nchi na 10:00 ya Greenwich. Tuseme programu imeandika kwamba ndege itatua Mikumi 10:00, na karani ameinakili namba hiyo kama ilivyo katika ujumbe wa simu. Askari wa hifadhi ataisoma saa kumi, tena saa kumi jioni, kwa kuwa hakuna ndege ndogo ya wageni inayotua pale saa kumi usiku. Ndege itafika saa tatu kabla yake, na uwanjani watakuwapo pundamilia tu. Kama programu ingeandika 13:00 kosa lisingetokea, kwani Kiswahili hakina saa kumi na tatu, na msomaji angeuliza. Namba za kuanzia 1 hadi 12 ndizo zidanganyazo. Tunapendekeza kwamba katika kila hati inayotoka nje ya chumba cha marubani saa iandikwe kwa maneno pamoja na sehemu ya siku: saa saba mchana. Wapo watakaosema huko ni kurudi nyuma. Tunawaomba wajaribu kwanza kuwapigia wenye gari.

Hatari ya pili imo katika hesabu ya muda. Kiingereza cha wanaanga hupima safari kwa namna mbili. Ya kwanza huanza ndege inaposogea kutoka maegeshoni kwa nia ya kuruka, na huisha inaposimama kabisa mwisho wa safari. Jina lake la mazoea latokana na gogo linalozuia gurudumu. Ya pili huanza magurudumu yanapoacha ardhi na kuisha yanapogusa tena. Tumeona tafsiri zinazoziita zote mbili muda wa kuruka, na wafasiri hawalaumiki sana, maana kuruka katika Kiswahili ni kuondoka ardhini na pia ni kuwa angani. Tuchukue mfano. Ndege inasogea saa 1:00 asubuhi, inaacha ardhi 1:12, inagusa ardhi ya Mikumi 2:00 na kusimama 2:04. Muda wa kwanza ni dakika 64, wa pili dakika 48. Fundi wa matengenezo huhesabu 48, kwa sababu huo ndio muda uliolichosha bawa. Rubani huhesabiwa 64. Akihesabiwa 48 kwa safari nne za siku moja, programu itaona bado anazo dakika 64 ambazo kwa kweli amekwisha kuzifanyia kazi, nayo itampanga tena. Mashine haichoki, na huamini ilichoambiwa.

Neno gogo halifai, kwani mtu hulifikiria msituni. Mafundi wetu wanalo neno kabari kwa kipande cha mti au chuma kinachotiwa chini ya gurudumu, na kila dereva wa lori analielewa. Kwa hiyo tunapendekeza muda wa kabari kwa hesabu ya kwanza na muda wa angani kwa ya pili, na muda wa kuruka usitumike kabisa katika hati.

Neno mwendeshaji nalo lataka tahadhari. Katika programu hizi ni kampuni yenye cheti cha kuendesha safari, ambayo huenda si mmiliki wa ndege. Lakini Mswahili husema fulani anaendesha gari, na mwalimu aliyezoea hivyo atamfundisha mwanafunzi aandike katika kisanduku hicho jina la rubani. Kampuni iitwe kampuni endeshi. Rubani abaki rubani. Namba ya mkia, ambayo tumeiona mara moja, haihitaji mjadala: ni namba ya usajili, ile inayoanza na 5H kwa ndege za Tanzania.

Sehemu ya safari baina ya mtuo mmoja na mwingine Kiingereza huiita mguu. Mguu wa safari katika Kiswahili huchekesha, na safari ya Dar es Salaam hadi Mikumi hadi Ruaha na kurudi ingekuwa na miguu mitatu kama kigoda. Tulifikiria hatua, neno zuri na la zamani. Hata hivyo mafunzo ya kompyuta yamekwisha kulichukua: hatua ya kwanza, bofya hapa. Mwanafunzi atakayesoma kwamba hatua ya pili ya safari huingizwa katika hatua ya tatu hatatufikiria vyema. Limebaki kipande. Wazee wa Kilosa watalikumbuka kwa maana nyingine, kwani katika mashamba ya mkonge ya zama za ukoloni kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na kibarua hakulipwa mpaka kadi imejaa. Tumelipima neno hili kwa sababu hiyo hasa. Kadi hiyo imepita, lakini kipande cha njia na kipande cha safari vingali katika vinywa vya watu, na hakuna kisanduku kingine cha programu kinachogombania neno hilo. Tumelichagua.

Zamu halina taabu. Taabu ipo kwa rubani asiyeruka lakini aliyetakiwa akae karibu na simu. Wengine humwandika yupo mapumzikoni, jambo lisilo la kweli, kwani mtu hapumziki sikio likiwa kwenye simu. Wengine humwandika nje ya kazi, na mkewe akiiona karatasi hiyo atadhani amefukuzwa. Jeshini na katika michezo tuna neno akiba. Basi awe katika zamu ya akiba, na mapumziko yabaki kwa yule ambaye hakuna mwenye haki ya kumwita.

La mwisho ni wazi. Kisanduku kimoja cha programu huuliza kama kiwanja kinaruhusu ndege kutua, na jibu tulilolikuta katika rasimu moja lilikuwa: uwanja uko wazi. Mtu wa ofisini huelewa kwamba uwanja haujafungwa kwa amri. Rubani huelewa kwamba hakuna kitu juu yake. Askari wa hifadhi aweza kuwa amejibu lolote kati ya hayo, hata akiwa mkweli kabisa. Visanduku viwe viwili. Cha kwanza kiulize: Je, uwanja unatumika? Cha pili kiulize: Je, uwanja umekaguliwa na kuondolewa wanyama, na saa ngapi? Saa hiyo iandikwe kwa maneno.